Papa Alphonse na Mgongo wa Shule

Wenye masikio mawili wakae mbele, na mwenye moja aazime la jirani, maana habari za Alphonse wa Katuba hazisikilizwi nusu nusu.

Huyu Alphonse ni mpiga shaba. Si mchimbaji, wala si yule anayeiyeyusha. Yeye hulaza bati la shaba juu ya kitanda cha lami, uso chini, mgongo juu, kisha huligonga kwa nyundo na patasi butu mpaka mtu azaliwe upande wa pili. Anagonga tangu enzi zile treni ilipokuwa bado na haraka. Nyundo yake ikianza asubuhi pale mtaani Katuba, sauti inafika Sakania, inavuka mpaka na kuingia Zambia bila kupigwa muhuri, na watu wa forodha wanabaki kutazamana. Unasema uongo? Nenda Sakania ukaulize.

Amepiga tembo, amepiga wanawake wakitwanga, lakini zaidi amepiga machifu. Machifu wake wote wana pua moja, na pua hiyo ni ya Alphonse. Matajiri wa mtaa wa Karavia wanawanunua na kuwatundika sebuleni, hawajui kwamba kila siku wanakunywa chai mbele ya pua ya mzee wa Katuba.

Kidole gumba chake cha kushoto kimepinda kama tangawizi. Ukimwuliza, atakwambia ni mamba wa mto Luapula aliyekitafuna, naye akamzaba mamba kofi mpaka akaomba radhi. Kilichokipinda ni nyundo, kila mtu anajua. Lakini nyundo haina mkia wala meno, na hadithi isiyo na meno ni uji.

Mzee huyu anaishi na mjukuu wake Princesse, msichana aliyeanza kuchora kabla ya kujua kujifuta makamasi. Mama yake Princesse ni Virginie, binti wa Alphonse, anayeuza unga wa mahindi kule Sakania na kuwalisha wote wawili. Princesse alipofaulu mtihani wa Serikali akasema anataka kusomea uchoraji, Virginie alilia kidogo, akajifuta, akamwambia baba yake: "Papa, weye njo mutu wa mikono. Muchagulie masomo."

Alphonse akachagua. Aliona lango la shule moja. Lo, lango gani! La chuma chekundu, na tausi wawili wa chuma, na herufi za rangi ya dhahabu. Hakutazama nyuma ya tausi hata kidogo. Mtu ambaye maisha yake yote anajua kwamba picha huzaliwa mgongoni, akachagua shule kwa uso wake!

Mwaka mzima Princesse aliketi kwenye benchi akiandika yanayosomwa na mwalimu: tarehe za wachoraji waliokufa Ulaya, aina za brashi, namna ya kuosha brashi. Brashi yenyewe hakuishika. Kila jioni alirudi, akanyoosha mkono kwenye sahani ya bukari, ugali wetu, na mkono huo ulikuwa safi kama wa padri kwenye misa. Alphonse alizitazama zile kucha nyeupe, akameza tonge bila kutafuna.

Mtaani wakampa jina la Papa Portail, yaani Mzee wa Lango. Hata kuku wa jirani, akipita mbele yake, alikuwa anageuza shingo kuangalia kama pamefungwa.

Mwaka ulipokwisha, Virginie akapiga simu kutoka Sakania, na sauti yake haikuwa na sukari.

"Papa, mara hii njo ya mwisho. Ukichagua tena mulango, na mutoto akirudia tena na mikono safi, anakuya huku kuuzisha bunga pamoja na miye. Basi. Habari ya kuchora inaisha."

"Virginie, mwanangu, nilikosea paka kidogo, kidogo tu."

"Kidogo? Mwaka muzima, papa!"

Princesse alikuwa nyuma ya pazia, amesikia yote. Hakulia. Alikuja akachuchumaa mbele ya babu yake.

"Bwana yangu," akasema, maana kwetu babu na mjukuu wa kike huitana mume na mke, na wivu wao ni wa kucheka. "Mara hii angalia muzuri. Ku Sakania minapenda kwenda kusalimia mama. Sipendi kwenda kuzeekea mu bunga."

"Bibi yangu, mara hii nitaangalia mugongo. Shaba haidanganyaka ku mugongo."

"Tuende wote basi."

"Apana! Weye njo bibi-arusi. Bibi-arusi anaendaka mwenyewe kuchunguza ukoo ya bwana? Kunatumwaka mukubwa mwenye macho."

"Mwenye macho," Princesse akarudia, akimtazama. "Haya, Papa Portail."

Zilibaki shule mbili za kuchagua. Moja njia ya kwenda Kasapa, nyingine mjini, karibu na reli. Alphonse akavaa koti lake la ndoa, lile ambalo vifungo vyake vimepishana na tumbo tangu zamani, akaanza na ya Kasapa.

Alitimiza ahadi. Hakwenda mbele. Alizunguka mpaka nyuma, akakuta maua yamepandwa kwa mistari, na bomba la maji linang'aa kama jino la dhahabu. Mlinzi akamfuata.

"Jambo, papa. Unatafuta nani?"

"Minatafuta mugongo."

"Mugongo ya nani?"

"Ya masomo."

Mlinzi akamtazama kama mtu aliyesahau kumeza dawa zake. Alphonse hakujali.

"Ambia miye, mwanangu. Batoto banaoshaka brosi zabo wapi?"

"Brosi? Hapa hatupendi buchafu, papa. Mukubwa anakatazaka."

Hapo kitu kikamfinya Alphonse tumboni. Alijua ni nini kinachomfinya. Lakini kabla hakijamfinya vizuri, mkurugenzi mwenyewe akatokea, tai shingoni, mikono imefunguliwa.

"Lakini huyu si Maître Alphonse? Mupiga mukuba, mutu wa shaba wa Katuba? Karibu, karibu!"

Jamani, mzee akaingizwa ofisini. Akawekwa kwenye kiti chenye magurudumu, kikawa kinamkimbiza kidogo kila akipumua. Akaletewa soda baridi na biskuti. Ukutani kulikuwa na picha walizochora wanafunzi, watu wenye afya tu, wote wanacheka, wote wanatazama mahali pamoja kama waliopigwa picha ya pasipoti. Mkurugenzi akasema mjukuu akiandikishwa hapa, chifu mmoja wa Alphonse atatundikwa pale mlangoni, na chini yake litaandikwa jina: Maître Alphonse, yaani Fundi Mkuu Alphonse.

Mzee alitoka pale amerefuka. Miti ya jakaranda kando ya barabara ilimwinamia, naye akaiitikia kwa mkono. Na ule mfinyo tumboni? Akasema ni biskuti.

Shule ya reli aliiendea kesho yake kwa ajili ya kumaliza maneno tu, ili Virginie asiseme hakutazama zote mbili. Nyuma yake kulikuwa na ua wa mabati wenye tundu, na Alphonse akapita humo kwa shida, tumbo kwanza, koti baadaye. Akajikuta penye bomba la maji ambalo huwezi kujua lilizaliwa na rangi gani. Udongo wenyewe ulikuwa wa buluu. Mbuzi aliyekuwa akila majani pale alikuwa na ndevu za kijani, na watu wananiambia alizaa mapacha, mmoja mwekundu mmoja wa njano, lakini hao mimi sikuwaona. Kiatu cha ndoa cha Alphonse kikazama kwenye rangi.

"Mungu wangu," akasema. "Hii ni masomo ao ni ajali?"

Mlango wa darasa ukafunguka. Akatoka mwanamke mwenye aproni iliyokauka kama ganda la mti. Huyo ndiye Madame Delphine, mwalimu wa kuchora.

"Papa! Unachelewa! Ingia, bantu banakungojea tangu asubui."

Alphonse akanyoosha koti. Moyo wake ukaumuka kama unga wa mandazi. Kumbe jina lake limefika na huku! Kumbe wanamngojea! Akapangusa kiatu kwa nyasi, akaingia kwa hatua za askofu.

Ndani, vijana wengi walikuwa wameketi kwa duara, na katikati palikuwa na meza kubwa, na juu ya meza kiti.

"Panda, papa," Madame Delphine akasema. "Koti weka hapa. Na shati pia."

"Shati?"

"Shati, papa. Kama kila siku."

Alphonse akafikiri. Akakumbuka kwamba chifu, kabla ya kuvikwa ngozi ya chui, huvuliwa kwanza nguo za kawaida. Wenye shule wana heshima zao. Akavua shati, akapanda, akainua kidevu, akangojea ngozi.

Ngozi haikuja.

"Usitingishike, papa."

Hakutingishika. Ukimya ukashuka, na humo ndani ikasikika sauti moja tu, makala juu ya karatasi, kama kuku wengi wanaparua uwanja. Madame Delphine akawa anapita katikati yao.

"Weye, unachora papa wa mu kichwa yako. Papa iko pale, juu ya meza. Futa, anza tena."

"Na weye, bega ya papa inaanguka upande ule, haukuona? Simama, enda karibu, angalia muzuri, rudia."

Msichana mmoja, makala mpaka kwenye viwiko, alisogea akamtazama Alphonse begani kwa muda mrefu, bila aibu, kama mtu anayechagua viazi. Akarudi, akafuta yote, akaanza upya. Alphonse akajaribu kuliinua bega. Halikuinuka.

Ghafla mlango ukapigwa teke. Mzee mmoja mwembamba akaingia na fimbo, akihema.

"Ni nani huyu anakalia kiti yangu?"

"Kiti yako?" Alphonse akajibu kutoka juu. "Miye ni mualikwa, baba."

"Mualikwa ya nani? Miye Mulenga njo nakalaka hapa, banichore! Ni kazi yangu! Mwenzangu hakukuya, nilikuya mwenyewe! Shuka!"

Madame Delphine akafunika mdomo kwa mkono uliojaa makala, na mdomo ukawa na masharubu.

"Yesu! Papa, haiko weye balituma ku fasi ya ba Mulenga? Balisema leo batatuma mwenzabo, juu ya mugongo kubauma..."

"Mugongo!" akasema Alphonse, akaanza kutafuta shati lake kwa macho. Sasa alielewa, na tumbo lake, ambalo lilikuwa limekaa kwa raha mbele ya watu wote, likaanza kutafuta pa kujificha.

Mulenga akamsogelea, akamkagua.

"Weye ni mutu wa wapi?"

"Nilizaliwa Sakania."

"Ukoo?"

"Samaki."

"Haaa!" Mulenga akatupa fimbo chini, akapiga makofi. "Samaki! Miye ni ukoo ya Mamba! Mutani wangu! Banafunzi, mumemuona? Chakula yangu, njo hii inakaa juu ya meza!"

Ukoo wa samaki na ukoo wa mamba ni watani tangu mababu. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kuja kwenye msiba wako na kulala mbele ya jeneza akidai kwanza apewe kuku, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, ni wewe uliyekosa.

"Na hii kidole, nani alikula?" Mulenga akauliza.

Alphonse akajibu kwa mazoea, kabla akili haijafika: "Mamba."

Darasa likalipuka. Mulenga akaegemea ukuta.

"Njo siye! Tulionja, tukatema. Haikukuwa na chumvi!"

Haya yote Alphonse angeyabeba. Utani ni mzigo wa manyoya. Lakini aliposhuka mezani akifunga vifungo, akaziona karatasi. Alizunguka duara lote akitafuta chifu, na hakumpata. Kwenye kila karatasi alikuwa ameketi mzee wa Katuba, tumbo magotini, bega moja limeshuka kwa kubeba nyundo, na mkononi kidole kilichopinda. Yule msichana wa viwiko vyeusi alikuwa amekichora kile kidole kwa nguvu kuliko vyote, mpaka kikaonekana kinauma.

"Hii njo miye?" akauliza.

"Njo weye, papa," msichana akasema kwa upole. "Kama unapenda, chukua. Ni yako."

Akaichukua. Si kwa kupenda. Aliichukua ili mtu mwingine asiione. Akaikunja, akaibana kwapani, akatoka kwa tundu lile lile.

Mulenga akamfuata kando ya reli, fimbo ikigonga mawe.

"Weye Samaki! Unakimbia nini?"

"Nina mujukuu wa kuandikisha. Anaenda ku Kasapa. Kule banajua heshima."

"Ku Kasapa? Kule balinikalishaka mara moja tu. Balipiga foto na telefone, balisema merci, papa, enda. Tangu ile siku banachoraka paka ile foto. Mu foto ningali na meno!" Akafungua mdomo kuonyesha ufizi mtupu. "Banafunzi bangapi balitoka pale banajua Mulenga mwenye meno! Huyu mwingine hawamujue."

"Mamba bila meno, enda unyonye mawe!" Alphonse akamrudishia.

Mulenga akacheka mpaka akashika reli. "Ona Samaki! Anakataa mayi ya muto, juu ya kumuonyesha sura yake!"

Alphonse akaongeza hatua. Ule mfinyo wa tumboni ulikuwa umerudi, na siku hiyo hakuwa amekula biskuti.

Nyumbani alimkuta Princesse mbele ya mbabula, anasonga bukari juu ya makala.

"Nkambo, babu yangu, umeona?"

"Kasapa," akasema upesi, kama mtu anayemeza kwinini. "Kule iko muzuri. Banaheshimu bantu. Na iko safi."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

"Safi?"

"Safi kabisa."

Princesse aliinamisha kichwa. Mtoto mwenye adabu hashindani na mkubwa aliyetumwa. "Ndiyo, nkambo," akasema, akaendelea kusonga, lakini alikuwa anasonga kama mtu aliyekwisha kufika Sakania, unga umemjaa mpaka kwenye kope.

Alphonse akavua koti. Karatasi ikaanguka, ikabingirika mpaka kwenye mbabula.

"Acha ile! Ni takataka!"

Lakini Princesse alikuwa ameshaikunjua. Alphonse akangojea kicheko. Kicheko hakikuja. Bukari ikaanza kuungua na hakuna aliyeshughulika nayo.

"Nani alifanya hii?"

"Mutoto moja wa kule ku reli. Alinichora mubaya."

"Nkambo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tangu mudogo minajaribu kuchora hii kidole yako. Ku udongo, ku kibambazi ya nyumba, mpaka mu cahier, daftari ya masomo. Inatokaka paka kama karoti. Huyu alijua njia. Ona hapa, aliweka giza chini ya kiungo, njo inafanya kidole inageuka." Akapitisha ukucha wake mweupe juu ya kile kidole cha makala, bila kugusa. "Huyu anajua kitu miye sijue. Kule banafundishaka hii?"

Alphonse akalitupia koti lake begani.

"Lakini kama ni Kasapa, ni Kasapa," Princesse akamaliza, akairudisha karatasi kwa mikono miwili.

Mzee aliipokea akaifanyia kile anachofanyia kila bati: akaigeuza mgongo. Hakukuwa na kitu pale ila alama za vidole vyeusi vya yule msichana wa reli, aliyeigeuza-geuza, akafuta, akarudia. Akatazama ukutani. Machifu wake walikuwa wamejipanga, pua nzuri juu ya pua nzuri. Miaka yote hiyo amewapiga watu ambao hawakuwahi kuwapo, na kidole kilichoshika patasi hajakipa hata kona moja ya shaba.

Msidhani ilikuwa rahisi. Jina lile chini ya chifu, pale mlangoni Kasapa, lilikuwa bado tamu ulimini. Maître Alphonse! Alilimung'unya kidogo. Kisha akakohoa.

"Bibi yangu, ile biskuti ya Kasapa ilinikwama mu tumbo tangu jana."

"Biskuti gani, nkambo?"

"Acha. Bukari inaungua. Utaenda ku reli."

Princesse alipiga kelele ambayo, nakwambia, iliifanya treni ya mizigo ifunge breki. Akamkumbatia mzee na mwiko mkononi, na koti la ndoa likapata doa ambalo lipo mpaka leo.

Jumamosi Virginie akafika kutoka Sakania, unga kwenye nyusi, mkoba kifuani, uso umefungwa. Hakukaa.

"Papa. Mulango ya hii masomo iko aje?"

"Mulango?" Alphonse akakuna kichwa. "Mulango sikuona. Nilipita mu tundu."

Virginie akamtazama muda mrefu, akitafuta uongo mahali anapoujua unakaa, kwenye kona ya jicho la kushoto. Haukuwapo. Akageuka, na hapo ndipo alipoiona ile karatasi, imepigiliwa misumari ukutani katikati ya machifu: mzee, bega, kidole, vyote.

Kwanza akasogea karibu. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, halafu kilemba kikaanguka.

"Papa! Hata tumbo! Hata tumbo hawakuacha!"

"Mama, usicheke, ni baba yako," akasema Princesse, naye anacheka.

"Hawa ba hii masomo hawadanganyi bantu," akasema Virginie akifuta macho kwa kilemba. "Ukiwaletea nyanya iliyooza, watachora nyanya iliyooza. Haya. Tutajaribu."

Jumatatu wakaandikisha. Virginie aliingilia langoni, lango lenyewe ni la mbao, limelegea bawaba. Alphonse alizunguka nyuma na kuwakuta ndani.

Siku ya kwanza ya masomo, Virginie hakurudi Sakania. Alisema anangojea mzigo. Mzigo gani, hakusema. Jioni bukari ilikuwa mezani inatoa mvuke, matembele pembeni, watu wawili wameketi mbele yake hawaigusi. Princesse akaingia anakimbia, anaongea kabla hajafika, mara Madame Delphine alisema hivi, mara ba Mulenga walilala juu ya kiti na wakachorwa wamelala. Akaketi, akanyoosha mkono kwenye sahani.

"Eh!" mama yake akapiga kelele. "Na hiyo mikono? Enda unawe!"

Mikono ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Makala yalikuwa yameingia ndani ya kucha na kwenye mistari yote ya kiganja.

Alphonse akamshika kifundo cha mkono kabla hajainuka.

"Acha kwanza, Virginie."

Akaigeuza ile mikono polepole, mgongo, kisha kiganja, kisha mgongo tena, akiiinua kwenye mwanga kama anavyoinua shaba aliyomaliza kuigonga. Virginie naye akainama kutazama.

"Sasa enda unawe, bibi yangu," mzee akasema mwishowe, akaiachia. "Lakini usinawe sana."